Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kufungua Uwanja wa Michezo ya Maji Lubumbashi

Joto la Septemba na Oktoba huwapeleka watoto wa Lubumbashi popote penye maji, kwa hiyo msimamizi wa uwanja wa michezo ya maji ajiandae mapema. Kwanza ajue maji yanakokwenda. Katika viwanja vingi, maji yaliyomwagikia watoto huteremka kwenye tangi lililo chini ya ardhi, huchujwa, kisha hurushwa tena; hivyo uchafu wa mtoto mmoja huwafikia wote, na wadogo huyameza hata wakikatazwa. Yawe ya shirika la maji la Regideso au ya kisima, yapimwe hapo uwanjani, maana maji maangavu si lazima yawe salama.

Klorini huru, yaani ile iliyobaki na nguvu ya kuua vijidudu, isipungue miligramu 1 kwa lita, na pH, kipimo cha asidi katika maji, iwe kati ya 7.0 na 7.8, kwa kuwa pH ikipanda nguvu ya klorini hupungua. Jua na kurushwa hewani huimaliza klorini upesi, kwa hiyo kipimo cha asubuhi pekee hakitoshi. Kidonge cha kupimia hugeuza maji kuwa ya waridi. Rangi ikitokea mara moja kisha ikatoweka, usiongeze dawa, kwani huenda klorini imezidi mno: zimua sampuli kwa maji yasiyo na klorini, upime upya.

Umeme wa SNEL ukikatika, pampu husimama na maji hulala bila kuchujwa. Watoto watoke, na hata umeme ukirudi wasiingie kabla ya kupima.

Linalonitia hofu zaidi ni kuhara. Kimelea cha kriptosporidiamu, kinacholeta kuhara, huweza kuishi zaidi ya siku 7 katika klorini ya kawaida, kwa hiyo mtoto anayehara abaki nyumbani. Wazazi waelezwe hilo mlangoni, kwa upole lakini bila kusitasita, nao wapatiwe mahali pa kubadilishia nepi mbali na maji, penye sabuni. Mtoto akiharia kwenye maji, uwanja ufungwe, kinyesi kiondolewe, na klorini ipandishwe hadi miligramu 20 kwa lita kwa saa 12 na dakika 45, pH isizidi 7.5, katika maji yasiyotiwa asidi ya sianuriki, ile dawa ya kuikinga klorini na jua.

Unga wa klorini utiwe ndani ya maji, kamwe si maji juu ya unga, na uhifadhiwe mbali na asidi, kwani vikikutana hutoa gesi yenye sumu.