Injini ikizimika angani: mambo ya kuamua ukiwa bado chini

Injini ikizimika, ndege haidondoki kama jiwe. Mbawa huendelea kuibeba mradi hewa izipitie kwa kasi ya kutosha, na mwinuko ulionao ndio unaogeuka kuwa mafuta. Kwa hiyo, kabla ya kufunga mkanda, ijue kwa moyo kasi bora ya kuteleza ya ndege yako, yaani ile inayokufikisha mbali zaidi bila injini. Cessna 172S iliyobeba uzito wake wote huhitaji noti 68, yaani takriban kilomita 125 kwa saa. Mkono wenye hofu huvuta usukani ili ndege isishuke, kumbe hapo ndipo kasi inapokufa na mbawa zikaacha kubeba. Ikizimika wakati unapanda, sukuma pua chini mara moja.

Umbali nao upigie hesabu mapema. Ndege ndogo ya aina hiyo husonga mbele karibu kilomita 9 kwa kila kilomita moja ya kushuka, ikiwa hewa imetulia. Upepo wa mbele hupunguza, basi chagua uwanja ulio karibu kuliko hesabu inavyokuahidi.

Mafuta yahakiki mwenyewe, pamoja na kipimo kilichotumika. Mwaka 1983 Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa mafuta angani kwa sababu hesabu ilichanganya pauni na kilo. Marubani waliitelezesha hadi Gimli, mji wa Kanada, na watu wote 69 waliokuwamo wakaokoka. Ustadi ule nausifu sana, ila kosa lilikuwa la kuzuilika ardhini.

Kabla ya kuruka, tamka kwa sauti mwinuko ambao chini yake hutageuka kurudi uwanjani, bali utatua mbele. Hili nalisisitiza kuliko yote: kona hula mwinuko, na ukiilaza ndege nyuzi 45 kasi ya chini inayoweza kuibeba hupanda kwa karibu asilimia 19.

Zoea pia mpangilio wa mikono: badili tangi, washa joto la kabureta (kifaa kinachochanganya mafuta na hewa, kama injini yako inacho), kagua swichi za kuwashia. Isipowaka, toa mayday, wito wa dharura wa redioni, ukiweka 7700, namba ya dharura, kwenye transponda, kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada. Karibu na ardhi funga mafuta, legeza mlango usije ukakwama, na umeme uzime baada ya kushusha flapu (vibao vya nyuma ya mbawa), kwa kuwa kwenye ndege nyingi ndogo flapu zenyewe huendeshwa na umeme huohuo.