Kumbeba kwa pikipiki mtu aliyeumwa na nyoka

Naendesha bodaboda Muhoroni. Msimu wa kukata miwa, simu za kutoka shambani huanza kabla ya jua kuchomoza, na mara 4 nimeitwa kwa sababu ya nyoka. Yule wa kwanza nilimkuta amefungwa kamba ya gunia chini ya goti, mguu umeshakuwa mweusi, nami nikadhani wamefanya vyema. Hadi leo anatembelea gongo. Kwa hivyo tafadhali: usifunge kamba. Sumu ya moma huozesha nyama, na ukiifungia mahali pamoja unaizidishia kazi.

Usichanje, usinyonye, usiweke jiwe jeusi linalosemekana kunyonya sumu. Nyoka mwacheni aende zake. Hata kichwa kilichokatwa kinaweza kuuma.

Mgonjwa asitembee hadi barabarani. Pikipiki ndiyo imfuate, maana misuli ikifanya kazi ndiyo inayosukuma sumu mwilini. Mvue pete, bangili na viatu papo hapo. Mama mmoja aliyeumwa kidoleni hakutaka kuvua pete ya ndoa, na kabla hatujafika Awasi ilikuwa imezama, nyama imeifunika pande zote. Ilikatwa kwa koleo huku analia.

Mguu au mkono utulize kwa vijiti viwili na leso, kama uliovunjika. Kidole chako kipite chini ya fundo bila shida. Maumivu yakizidi mpe parasetamoli. Asprini na brufeni huongeza kuvuja damu.

Kabla ya kuwasha pikipiki, piga simu uulize: "Dawa ya sumu ya nyoka mnayo?" Si kila zahanati inayo. Gari likipatikana, alale kwa ubavu wa kushoto. Lisipopatikana, akae katikati na mtu mwenye nguvu amkumbatie kwa nyuma, kwani anaweza kuzimia. Najua sheria inataka abiria mmoja. Siku hiyo nitajieleza kwa askari. Msemeshe njia nzima. Kope zikilegea, akishindwa kumeza mate au pumzi ikikatika, ingia kituo cha afya kilicho karibu zaidi asaidiwe kupumua.

Mimi hutembea na biro. Pale uvimbe ulipoishia napiga mstari juu ya ngozi na kuandika saa. Yule mama alifika na mistari 3, wa mwisho juu ya kiwiko, na daktari aliisoma kabla ya kumuuliza jina.

Swila akimtemea mtu machoni, mwoshe kwa maji mengi, angalau dakika 15, asisugue, kisha mpeleke vilevile.