Kufufua gitaa la umeme la kampuni iliyokufa

Mwezi uliopita kijana mmoja anayepiga harusini alinijia hapa Langoni, Lamu, na gitaa lililofungwa kwa leso. Alilinunua Shela kwa mgeni aliyekuwa akihama nyumba, shilingi elfu tisa, halina hata uzi mmoja. Kichwani limeandikwa Westone, Thunder I-A. "Fundi, hii kampuni iko wapi? Nimeitafuta siioni."

Haipo. Magitaa ya Westone yalitengenezwa na Matsumoku, kiwanda cha mji wa Matsumoto, Japani, kilichotengeneza pia makabati ya mbao ya cherehani za Singer. Naam, Singer hizi hizi ambazo mafundi nguo wetu wanazikanyaga mpaka leo. Kiwanda kilifungwa mwaka 1987, jina likahamia Korea, nalo halikukaa sana. Kwa hiyo muuzaji akikuambia bei iko juu kwa sababu "hayatengenezwi tena", mwambie hata vipuri vyake havitengenezwi, akupunguzie.

Hatua ya 1: Shingo, kabla ya kutoa pesa

Mengine yote yanabadilishika. Shingo ikiharibika umenunua kuni. Liinue gitaa, chungulia ukingo wa shingo kama fundi wa jahazi anavyochungulia ubao. Ukiona imejisokota, upande mmoja juu na mwingine chini, rudisha na uage kwa heshima.

Ikiwa imebenuka tu, kuna chuma ndani yake cha kuirekebisha. Nyuzi zikiwa zimekazwa, bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo) na pale shingo inapokutana na mwili, kisha tazama freti ya saba. Nafasi kati ya uzi na freti iwe kama karatasi mbili tatu za daftari, yaani robo milimita hivi. Ikizidi, kaza nati ya kile chuma kwa kuzungusha kuelekea kulia, robo mzunguko, halafu liache mpaka kesho. Nati ikigoma, usishindane nayo.

Hatua ya 2: Kutu

Hapa ndipo Lamu inapotutia adabu. Upepo wa bahari hauchagui kusi wala kaskazi, na zile skrubu ndogo za daraja, kile kipande cha mwilini kinachobeba nyuzi, ndizo zinazoumia kwanza. Bisibisi ikiteleza mara moja, acha. Tia tone la mafuta ya kulegeza kutu, subiri usiku mzima. Asubuhi gusisha ncha ya moto ya chuma cha kuchomelea risasi juu ya kichwa cha skrubu kwa nusu dakika, iache ipoe, ujaribu tena. Joto huivunja kutu ndani ya meno. Hivyo ndivyo nilivyozitoa zote isipokuwa moja, hiyo nikaitoboa.

Usisugue kwa sufi ya chuma karibu na pikapu, vile vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi. Pikapu ni sumaku. Vumbi lile litaingia na hutalitoa.

Hatua ya 3: Umeme

Gitaa hili lina saketi inayotumia betri ya volti 9. Nilipofungua kifuniko cha nyuma, betri ilikuwa imevimba na kupasuka ubavuni, unga mweupe umetapakaa, na kile kishikizo cha nyaya kimekuwa kijani kama sarafu iliyookotwa ufukoni. Nyaya zilikatika nilipozigusa. Nilisafisha kwa kijiti cha pamba na siki kidogo, nikafuta kwa spiriti, nikachomelea kishikizo kipya. Fundi redio yeyote anacho.

Kisha pima pikapu zenyewe kwa mita, kwenye nyaya zake, si kupitia saketi. Pikapu ya koili mbili ikikupa kilo-omu kati ya 6 na 9 hivi, ni nzima. Mita isiposoma kitu, waya umekatika ndani. Zangu zilisoma zote mbili, nikapumua.

Volyumu zikikwaruza, pulizia dawa ya kusafishia swichi na uzizungushe mara ishirini. Ukilazimika kubadilisha, pima tundu kwanza! Magitaa ya Kijapani mara nyingi yana tundu la milimita 8, na volyumu za Kimarekani zinataka karibu 9.5. Meno ya mhimili pia hayalingani, 18 kwa 24, kwa hiyo kishikio cha zamani cha kuzungushia hakitakaa. Nilishaagiza Mombasa bila kupima, nikabaki na mapambo.

Hatua ya 4: Nyuzi na sauti

Funga seti ya nyuzi za unene wa 10 mpaka 46, yaani elfu za inchi. Kwa programu ya simu, linganisha uzi ukipigwa wazi na ukibanwa freti ya 12. Ukibanwa ukipanda juu zaidi ya ule wazi, rudisha kiti chake, pale unapoegemea darajani, nyuma, mbali na shingo. Ukishuka, kisogeze mbele. Uzi kwa uzi, na usiwe na haraka.

Hatua ya 5: Chomoa waya

Katika magitaa ya betri, kuchomeka jeki, ile ncha ya waya wa kwenda spikani, ndiko kuwasha. Nilimwambia yule kijana mara mbili. Siku ya nne karudi: "Fundi, limekufa tena." Nikamuuliza limelala wapi. Limelala jukwaani, na waya wake, tangu harusi ya Alhamisi.