Tiketi rahisi, mzigo wa harusi: kupanda ndege ya bei nafuu ukitokea Tanga

Shaaban ya 2023 nilijikuta nimekaa sakafuni uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, begi wazi mbele yangu, nagawa mahamri kwa watu nisiowajua. Mzigo ulikuwa umezidi kilo 9. Binti wa dirishani alikuwa na adabu zake zote, shikamoo kwanza ndipo habari mbaya, lakini kila kilo iliyozidi ina bei yake, na alipozijumlisha ikatoka pesa kubwa kuliko niliyonunulia tiketi. "Mama, punguza au lipa." Nikapunguza. Mzee mmoja alikula mahamri matatu amesimama, akaniombea dua safari njema.

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, Barabara ya 12. Mdogo wangu alikuwa anaolewa Mwanza na nguo zote nilishona mimi. Tangu safari ile nimepanda ndege za bei nafuu mara sita, na mtaani sasa mtu akitaka kununua tiketi hupitia kwangu kwanza. Haya ninayoyaandika ndiyo ninayowaambia, na kampuni iliyonitesa siitaji jina.

Kwanza ujue unachouziwa. Fastjet ilipoanza kuruka hapa nchini Novemba 2012, Dar kwenda Mwanza na Kilimanjaro, nauli ilitangazwa kuanzia shilingi 32,000 kabla ya kodi, na watu wengi ambao hawakuwahi kuota ndege wakapanda. Kampuni hiyo haipo tena kwetu ila mtindo wake umebaki: bei ya chini ni ya kiti peke yake. Ni kama kwenda kwa mama ntilie ukauziwa wali mtupu, halafu maharage, mchuzi na maji ya kunywa kila kimoja kikalipiwa mbali. Kwa hiyo kabla ya kulipa, tazama kama kodi imo, begi la kukabidhi, lile linalokwenda chini ya ndege, ni kilo ngapi au halimo kabisa, na ukibadili tarehe unakatwa kiasi gani. Ukijua utakuwa na begi, lilipie siku hiyohiyo unayonunua tiketi. Dirishani bei huwa imepanda, na pale huna pa kukimbilia.

Sasa jina. Kitambulisho cha NIDA kinasema Mwanahawa, mtaani unaitwa Hawa, na kijana wa steshenari anayekukatia tiketi anaandika alilosikia. Uwanjani watasoma herufi kwa herufi. Mpe kitambulisho chenyewe aandike akikitazama, kisha wewe usome kwenye skrini kabla hajabonyeza kulipa. Baada ya kulipa, kusahihisha jina kunaweza kuwa pesa nyingine, na kampuni nyingine hazikubali kabisa.

Na namba ya simu iwe yako. Hili nalisema kwa uchungu. Kurudi kutoka Mwanza kwenye harusi ile, ndege ya saa kumi jioni ilirudishwa nyuma ikawa ya saa saba mchana. Ujumbe ulitumwa, sikatai. Ulikwenda kwa kijana wa steshenari huku Tanga, maana alijaza namba yake na barua pepe yake, naye akauona usiku anafunga duka. Mimi nimefika uwanjani saa nane na nusu, nimejipaka hina mpaka viwiko, ndege imeshaondoka. Walinipa nafasi kesho yake bila kunitoza, lakini shemeji mpya alirudi kunichukua na gari la kuazima, na ile hadithi inasimuliwa mpaka leo kila wanapokutana. Hata ukiweka namba yako, ingia kwenye tovuti yao jioni ya kuamkia safari uangalie saa tena.

Tukiwa kwenye saa, hapa ndipo watu wetu wanapoanguka zaidi, na sijaona mahali panapoelezwa. Tiketi haihesabu saa kama sisi. Imeandikwa 06:40, jirani yangu akasoma saa sita na dakika arobaini, akajipanga kufika uwanjani saa tano asubuhi na chai ameshakunywa. Ndege iliondoka saa kumi na mbili na dakika arobaini alfajiri, yeye yuko Mbagala kwa binamu yake amelala. Ondoa sita au ongeza sita, vyovyote utakavyo, lakini uandike saa ya Kiswahili kwa kalamu kwenye karatasi ya tiketi: "saa 12:40 asubuhi". Ikiwa 16:00, ni saa kumi jioni. Ikiwa 19:15, ni saa moja na robo usiku.

Hatari kubwa zaidi ni saa zinazoanza na sufuri mbili, hasa safari za Dubai na huko nje. Tiketi inasema Ijumaa, 00:30. Kijana wa leo anaona Ijumaa, anakwenda uwanjani Ijumaa usiku, na amechelewa siku nzima, kwa sababu ndege iliruka Alhamisi usiku kuamkia Ijumaa. Bibi yangu asingekosea. Kwake usiku wa Ijumaa ni ule unaoanza Alhamisi jua likizama, ndio watu wanaosomea Yasini, kwa hiyo ukimwambia "Ijumaa, saa sita na nusu usiku" angefunga begi Alhamisi. Ila bibi huyohuyo mpe tiketi ya Ijumaa 21:00, atakupeleka uwanjani siku moja kabla. Uliza kila mara: usiku wa kuamkia lini?

Kuhusu kufika Dar, Tanga tunaitwa waja leo waondoka leo. Kwa ndege ya bei nafuu mimi nasema ondoka jana. Basi la alfajiri kutoka Kange likikunjua vizuri unaingia Mbezi kwenye stendi ya Magufuli mchana, lakini hapo katikati kuna Muheza, Segera, Mkata, Chalinze, kuna mizani, kuna trafiki, kuna dereva anayenunua machungwa ya nyumbani kwake. Na Mbezi si uwanja wa ndege: bado una Kimara, Ubungo, Buguruni na Tazara, na hata zile barabara za juu hazijamaliza foleni. Mimi siku ya harusi nilikwenda na basi la siku hiyohiyo, na ndiyo maana nilifika dirishani natweta, sina dakika ya kupanga upya begi wala akili ya kubishana. Lala Dar. Dirisha la kukabidhi mizigo hufungwa mapema kabla ya ndege kuruka, mara nyingi dakika 40 mpaka saa nzima, na likifungwa limefungwa hata kama ndege unaiona kwa macho. Tazama pia jengo. Uwanja wa Julius Nyerere una majengo 3, la tatu limefunguliwa 2019, na hayako ubavu kwa ubavu. Bodaboda akikushusha siko, utatembea na begi kichwani.

Mzigo ndio mambo yenyewe.

Mtu wa pwani hasafiri peke yake. Akisikika anakwenda Mwanza, mtaa mzima unakwenda naye. Mimi nilipakiwa hivi: mahamri sinia moja, halua bakuli mbili, nazi kumi zilizofuliwa kwa kuwa wifi alisema za kule bei yake kali, mbata za kusaga mafuta ya nywele kutoka kwa jirani, fuko la udi na makaa yake kutoka kwa mamangu mdogo, na shangazi mmoja, Mungu ampe umri, alileta ng'onda. Ng'onda, kupeleka Mwanza, kwa watu wenye ziwa zima la samaki. Vyote hivyo ndani ya begi la shangazi kaja, juu ya nguo za harusi.

Nazi kumi zilikula karibu kilo 6. Hilo ningelijua nyumbani kama ningepima. Sasa hivi sitoki Tanga bila kupita soko la Mgandini kwa muuza mchele wangu. Naweka begi kwenye mizani yake kubwa, ananisomea, namwachia elfu moja ya soda. Kama ruhusa ni kilo 23, mimi naishia 21, maana mizani za wafanyabiashara wetu na za uwanja hazijawahi kusikilizana. Begi la mkononi mara nyingi ni kilo 7, na baadhi ya kampuni wanalipima nalo, halafu wanalitumbukiza kwenye kasha la chuma kuona kama linaingia. Shangazi kaja haliingii. Nunua begi laini la mgongoni.

Nguo nzito vaa. Siku ile nilipanda ndege na baibui juu ya koti la bwana harusi, joto la Dar lile, ila kilo 2 zikaingia bure.

Pale kwenye mashine ya ukaguzi ndipo nilipojifunza mengine. Askari, kijana mpole, alitoa kitu kimoja kimoja akakipanga mezani kama anauza mnadani. Nazi akazirudisha. Mbata akazishika: hizi haziendi. Nikamwambia, mwanangu, nazi umeruhusu, mbata ni nazi hiyohiyo iliyokauka. Akanieleza, na baadaye nikahakikisha kuwa ni kweli: mbata ina mafuta mengi na ikirundikwa penye joto huweza kupata moto yenyewe kwa yenyewe, ndiyo maana kwenye kanuni za ndege imo pamoja na vitu vya hatari. Kisha akafungua fuko la udi. Udi wenyewe hauna neno. Yale makaa ya mviringo yanayowaka upesi kwa kiberiti, yana dawa ya kushika moto ndani yake, yakabaki. Na kiberiti kilichokuwa kimefichwa chini ya chetezo, ambacho mimi sikujua kama kimo, kikabaki pia. Kiberiti hakiwekwi kwenye begi la kukabidhi hata siku moja.

Hapo ndipo nilipoapa: kifurushi cha mtu nafungua mbele yake. Hata cha mamangu mdogo. Hakuna cha kuona haya, unasema tu "nifungulie nione, uwanjani wataniuliza". Asiyetaka kukifungua akipeleke mwenyewe.

Pawabenki nayo haikai kwenye begi la kukabidhi, inakaa mkononi. Za kawaida za mAh 20,000 ni kama Wh 74 (Wh ni kipimo cha umeme uliomo), na mpaka ni Wh 100, kwa hiyo usiogope. Safari za nje, vimiminika vya mkononi visizidi ml 100 kwa chupa, basi mafuta ya nazi, asali na achari viende chini, vifungwe kwenye chupa ya plastiki ya mfuniko wa kusokota, kisha uvingirishe kanga ya zamani. Ng'onda sitaki hata kusikia.

Kitu usichoweza kukikosa siku ya kufika kiwe mkononi mwako. Nguo ya bi harusi niliikunja kwenye kanga mbili nikapanda nayo, naishukuru akili iliyonijia dakika ya mwisho, kwa sababu begi langu halikufika. Mkanda ulizunguka mpaka ukasimama, nimebaki mimi na mama mmoja wa Sengerema tunatazamana.

Likikupata hilo, usitoke nje ya ukumbi kwanza. Tafuta dawati lao la mizigo humohumo ndani, wakuandikie ripoti, wakupe namba yake. Watataka kile kipande cha karatasi walichokubandikia siku ya kukabidhi, basi usikitupe. Mimi sasa nakipiga picha, na begi lenyewe nalipiga picha wazi na limefungwa. Waambie na alama yake. Langu lilikuwa na kitambaa chekundu cha lesi mpinini, ndicho kilicholiokoa, likaja kesho yake kufuli limekatika. Ukiwa umetoka nje ya nchi, Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Tanzania imo, unakupa siku 7 kulalamika kwa maandishi begi likiharibika, na siku 21 likicheleweshwa, zikihesabiwa tangu ulipolipokea. Andika kwa kampuni kwanza. Wakikunyamazia, ipo Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na wanaotetea watumiaji wa usafiri wa anga. Maneno ya mdomoni hayahesabiwi popote.

Jambo la kuunganisha ndege sina mengi: ukinunua tiketi mbili za kampuni mbili, ya kwanza ikichelewa, ya pili haikusubiri wala haikuulizi. Acha usiku mzima katikati.

Na wale wanaopanda hapahapa Tanga kwenda Pemba au Unguja, zile ndege ndogo ni dunia nyingine. Kilo huwa kama 15, begi laini, na usishangae ukiombwa kupanda kwenye mizani wewe mwenyewe. Jirani yangu alikataa. Akaambiwa basi aende na boti.

Mwezi uliopita nilikuwa Mwanza tena, mdogo wangu amejifungua. Siku ya kuondoka wifi ametoka jikoni na ndoo ya lita 20, dagaa imejaa mpaka mfuniko unapanda, za watu wa Tanga. Nikamkumbatia, nikamshukuru, nikamuuliza jirani yake nani ana mizani.