Jinsi ya kufuatilia maisha ya afisa wa jeshi la Prussia, mfano Hermann Wissmann

Wengi wanaoandika habari za maafisa wa Kijerumani waliokuja huku, wakiwemo wa Prussia (dola kubwa ndani ya Ujerumani ya wakati ule), huanzia pale mtu anaposhuka melini Zanzibar au Bagamoyo, kama vile alizaliwa siku hiyo. Mi naona hapo ndo pa kurekebisha, maana mtu aliyekuja kupiga vita pwani yetu alishapandishwa vyeo, akafundishwa na kuzoeshwa amri huko kwao miaka mingi kabla. Ntaelezea navyofanya, na ntamtumia Wissmann kwa sababu anatuhusu moja kwa moja, ndiye aliyeongoza vita ya Wajerumani pwani yetu 1889.

Anza na jina. Kwenye maandishi ya zamani utamkuta kama Wißmann, hiyo herufi inayofanana na B ni s mbili, kwaiyo ukitafuta kwenye skani jaribu zote mbili. Alafu neno "von" sio jina la ukoo, ni alama ya kwamba mtu ni wa tabaka la makabaila, na yeye alipewa mwaka 1890 tu. Kabla ya hapo alikuwa Wissmann basi, ukimtafuta kwenye orodha za miaka ya 1870 kwa herufi V humpati ng'o.

Chukua daftari uchore safu nne: mwaka, cheo, mahali, na nani alikuwa juu yake. Usiandike hadithi bado, jaza safu kwanza. Kwa Wissmann mstari wa kwanza ni 4 Septemba 1853, Frankfurt, lakini angalia ni ile ya mto Oder mkoani Brandenburg, sio ile kubwa ya mto Main, watu wanazichanganya sana. Akasoma shule ya makadeti, 1874 akawa luteni kwenye rejimenti (kikosi kikubwa cha askari) ya 90 kule Rostock. Hii rejimenti ilikuwa ya Mecklenburg, na vikosi vya Mecklenburg vilishaunganishwa na jeshi la Prussia, kwaiyo usishtuke ukiona jina la nchi nyingine. Andika pia mambo kama lile pambano la wawili (watu wawili kupigana kwa silaha kulinda heshima) alilopigana akafungwa kwa ajili yake, maana maafisa wa Prussia suala la heshima walilichukulia kwa uzito kuliko sheria yenyewe, na linakuonyesha mtu alikuwa wa aina gani kabla hajashika bunduki Afrika.

Vyeo utavipata wapi? Kulikuwa na kitabu kinaitwa Rangliste, kilichapwa karibu kila mwaka kikiwa na majina ya maafisa wote kwa rejimenti, na vingi vimeshapigwa skani viko bure mtandaoni. Herufi zake ni zile za Kijerumani cha kale, s inafanana na f, jipe siku mbili tatu macho yazoee. Ila mafaili binafsi ya maafisa wa Prussia usiyategemee, hifadhi ya jeshi kule Potsdam iliungua kwa mabomu Aprili 1945 na mengi yakapotea, mtu anaweza kupoteza miezi akitafuta karatasi ambayo ni majivu. Bora uende kwenye mijadala ya bunge lao, Reichstag, na kwa Tanzania kuna mafaili ya enzi za Wajerumani kwenye Nyaraka za Taifa pale Dar.

Sasa tafuta mapengo. Luteni hawezi kuzurura Afrika miaka miwili bila ruhusa, kwaiyo ukiona hayupo kikosini jiulize nani kamwachia. Wissmann alifahamiana na msafiri Paul Pogge kule Rostock, wakatoka pamoja Luanda, Angola, Pogge akarudi njiani na Wissmann akaendelea mpaka akatokea Saadani Novemba 1882. Baada ya hapo akamfanyia kazi mfalme Leopold wa Ubelgiji kwenye mto Kasai, Kongo. Ikitajwa safari uliza mlipaji ni nani.

Na pesa ndo inaeleza mwaka 1889. Bunge lilipitisha marki milioni 2, kwa maneno ya kukomesha biashara ya watumwa na kulinda maslahi ya Wajerumani, Wissmann akiwa kapteni akapewa ukomishna, yaani kuwa mwakilishi wa serikali ya Ujerumani huku, akaenda Cairo kuchukua askari wa Kisudani wapatao 600, na Mei 8 wakavamia ngome ya Abushiri, kiongozi wa wapwani waliowapinga Wajerumani, karibu na Bagamoyo. Abushiri akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Hapa daftari lako linakusaidia sana: ukisoma mahali "Gavana von Wissmann alimnyonga Abushiri" unajua papo hapo kuna makosa mawili, u-von ulikuja 1890 pamoja na cheo cha meja, na ugavana aliushika 1895 hadi 1896.

Usimalize bila kusikiliza upande wetu. Soma Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima (Wadachi ni Wajerumani, Mrima ni pwani yetu) wa Hemedi bin Abdallah, uweke kando ya ripoti za Wissmann tukio kwa tukio. Na mfuatilie Bwana Heri, kiongozi wa Saadani, ileile aliyotokea Wissmann 1882, alipigana na Wajerumani mpaka 1890. Bila hivyo unaandika kumbukumbu ya jeshi lao tu, na hilo linaniuma kila nikiliona kwenye kazi za wanafunzi.

Mwisho endelea na safu hata baada ya kifo. Alikufa 1905 kwa ajali ya risasi akiwa mawindoni Austria. 1909 akawekewa sanamu Dar es Salaam, yeye juu, askari Mwafrika chini akimwangalia, Waingereza wakaiondoa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, 1922 ikasimamishwa Hamburg, na mwaka 1967 wanafunzi wa huko wakaifunga kamba wakaivuta chini. Hiyo nayo ina mstari wake.