Kukata tofali kwa tindo na nyundo bila kuumia

Tofali la saruji ukilibamiza kwa panga au ubavu wa mwiko litapasuka linapotaka lenyewe. Kinachoongoza mpasuko ni mfuo, yaani mfereji mwembamba unaouchonga kulizunguka lote kabla ya pigo kubwa.

Tafuta tindo bapa (patasi ya chuma ya fundi uashi) yenye mdomo wa inchi 3 au 4 na nyundo nzito ya kilo 1 hadi 1.5. Nyundo ya seremala iache: uso wake ni mgumu, ukigongana na tindo unaweza kumeguka. Kagua kichwa cha tindo pia. Kikichanua kama uyoga, kingo zake hukatika na kuruka. Kisawazishe kwa grenda kwanza. Vaa miwani ya kujikinga, glovu na viatu vya kufunika vidole. Ndala hapana kabisa. Vumbi la saruji na mchanga huharibu mapafu polepole, na leso hailizuii. Vaa barakoa ya N95, inayochuja vumbi laini, na unyunyizie maji kwenye mstari.

Viwanja vingi vya milimani Mwanza vina mwamba juu juu. Usikatie hapo, tofali litadunda na kupasuka ovyo. Mwaga mchanga unene wa sentimita 5, usawazishe, ulaze tofali likae lote. Kwenye mteremko hakikisha hakuna mtu chini yako, maana vibanzi hufika mbali.

Tofali la sentimita 45, nusu yake ni 22, kwa sababu mota (mchanganyiko wa saruji na mchanga wa kuunganishia) kati ya vipande viwili inakula sentimita 1. Matofali ya kuchoma hutofautiana kutoka tanuri moja hadi jingine, kwa hiyo pima pengo lenyewe ukutani. Chora mstari kwa skwea pande zote nne.

Simamisha tindo wima, macho yawe kwenye mdomo wake, si kichwani. Piga mapigo mepesi yanayofuatana, ukiihamisha kidogo kidogo, mpaka mfuo ufike milimita 2 hadi 3 pande zote. Anzia sentimita 2 ndani ya ukingo. Ukianzia ukingoni kabisa, kona inameguka. Kwa saruji zunguka mara mbili. Mlio ukianza kufifia, ufa umeshaanza: weka tindo katikati ya uso mpana, piga pigo moja zito. Lisipoachia, rudia mfuo, usiongeze nguvu.

Mpasuko ukikimbilia pembeni, kuna upande haukuchongwa vizuri au chini pana uwazi. Tofali likibomoka kama unga, ni changa: la saruji limwagiliwe siku 7 na liachwe lifikishe 28. La kuchoma ligonganishe na jingine. Likilia kama chuma limeiva, likitoa mlio mzito halikuiva au lina ufa, usipoteze muda nalo.

Panga kozi ya kwanza, yaani safu ya kwanza ya matofali, bila mota ujue nusu zitakaa wapi. Kipande kifupi kuliko robo ya tofali usikijenge mwishoni mwa ukuta wala kwenye kona. Sogeza kozi mpaka upate nusu.