Unataka kazi ya kutetea tabianchi na vizazi vijavyo? Uko Dodoma, anzia kwenye bomba lako

Wadogo zangu wa UDOM na pale Chuo cha Mipango mnanitumia meseji zinazofanana: kaka nataka kuingia kwenye mambo ya mabadiliko ya tabianchi, nianzie wapi na je kuna hela. Nitajibu yote mawili ila la hela lisubiri kidogo maana ukianza na hilo utaishia kwenye posho.

Kazi yenyewe kwanza. Unatetea mtu ambaye hayupo kwenye kikao. Mkulima yupo, mfugaji yupo, diwani yupo, mwekezaji yupo na gari lake nje, ila mtoto atakayezaliwa Chamwino mwaka 2060 hana kiti hana kura hana hata namba ya simu, na yeye ndo atakayekuta kilichobaki. Wenzetu wengine wameshampa mtu kazi hiyo kabisa, Wales wana sheria ya 2015 na kamishna wa vizazi vijavyo analipwa mshahara kuuliza maswali ya huyo mtoto. Sisi kamishna hatuna, kwahiyo kazi hii unaifanya ukiwa na cheo kingine: mwanasheria, mwandishi, afisa mazingira, mtafiti, mtu wa shirika, hata fundi wa takwimu. Usitafute tangazo limeandikwa "mtetezi wa tabianchi anahitajika" utazeeka unasubiri.

Sasa hatua ya kwanza, na hapa ntakaa sana. Jifunze kitu kimoja cha hapa unapokaa mpaka ukijue kuliko mtu yeyote kwenye chumba. Mimi nilichagua maji. Maji ya bomba ya hapa mjini sehemu kubwa yanatoka visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora, na kule kuna kitu Afrika nzima wanakitamani: vipimo vya kina cha maji ya chini vilivyoandikwa toka miaka ya 1950. Watafiti wakavikusanya na kuvichambua, ikachapishwa 2013, na walichokuta mimi kiliniondoa usingizi. Lile bonde halijazwi na mvua za kawaida za kila mwaka, linajazwa na misimu michache ya mvua kubwa kupita kiasi, kama ile ya El Niño ya 1997/98, afu miaka inayofuata kina kinashuka tu taratibu mpaka mvua nyingine kubwa ije. Yaani maji uliyooga leo asubuhi yanaweza kuwa yaliingia ardhini hujazaliwa. Weka na hii: sensa ya 2012 ilikuta mjini hapa watu laki nne na kidogo, ya 2022 ikakuta zaidi ya laki saba na nusu, na wengine wanajichimbia visima vyao. Tunatumia akiba iliyowekwa na mvua za zamani na hatujui ya kwetu itawekwa lini. Hapo hujamtajia mtu dubu wa barafuni wala neno hewa ukaa na tayari kila mtu kwenye kikao anakusikiliza, maana hata mheshimiwa anaoga.

Kwako inaweza isiwe maji. Mtu wa Kondoa ana makorongo ya Irangi na historia ya HADO, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulioanza 1973, ambapo 1979 serikali iliamua mifugo yote iondoke kwenye eneo lililoharibika. Ardhi ilirudi kijani ndiyo, ila kaulize waliohamishwa ng'ombe zao nani alilipia huo ukijani. Ukiweza kushika pande zote mbili za hilo swali bila kukasirika, kazi hii inakufaa.

Hatua ya pili soma karatasi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 4 kinampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na cha 5 kinakupa mlango wa kwenda kuidai. Wakazi wa Kunduchi Mtongani kule Dar walishaonyesha njia hata kabla ya hiyo sheria, wakapinga jalala Mahakama Kuu 1991 kwa hoja ya haki ya kuishi, na wakashinda. Duniani huko nako vijana wanashinda. Mahakama ya katiba ya Ujerumani 2021 ilisema sheria ya tabianchi ilikuwa inawarundikia vijana wa kesho mzigo wa kupunguza gesi, vijana 16 wa Montana Marekani walishinda 2023, na kubwa zaidi, wanafunzi 27 wa sheria wa visiwa vya Pasifiki walianza kampeni 2019 kama assignment ya darasani, Julai 2025 Mahakama ya Haki ya Kimataifa ikatoa maoni kwamba nchi zina wajibu kisheria kulinda mfumo wa hali ya hewa. Wanafunzi! Na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iko Arusha hapo, basi la asubuhi tu, ila ujue 2019 Tanzania ilijitoa kwenye tamko linalomruhusu mtu binafsi kuishtaki pale moja kwa moja.

Hatua ya tatu nenda kijijini ukasikilize, na hii ndo iliyonivua nguo. Mara ya kwanza kwenda kijijini, upande wa Chamwino, nilibeba projekta na jenereta ya kuazima. Grafu zote za Kiingereza. Nikasalimia kwa Kigogo, mbukwenyi, kwa lafudhi mbaya, watu wakacheka vizuri, nikaanza kueleza nyuzijoto mpaka 2100. Mzee mmoja mbele kavaa koti la suti juu ya shuka akanyoosha fimbo: "Mjukuu, huyo wa 2100 unayemsemea, mama yake leo anapikia nini?" Jenereta ikazimika saa hiyohiyo kama imepangwa vile. Sikuwa na jibu.

Mwaka uliofuata nilirudi na panga na vitambaa vyekundu. Tukaenda kwenye shamba lake, tukatafuta kisiki kinachochipua, kilikuwa na machipukizi kama kumi na tano yamebanana kama mswaki. Unachagua mawili matatu yaliyonyooka yenye afya, mengine unakata, uliyobakiza unayapogoa matawi ya chini, unafunga kitambaa ili anayepita ajue huu unatunzwa asichungie mbuzi. Basi. Hamna kitalu hamna kumwagilia, mizizi iko chini tayari toka zamani. Matawi tuliyokata mke wake akayabeba jikoni, na swali la fimbo likawa limejibiwa hapohapo. Watu wanaita kisiki hai na mkoa huu umejaa mifano, nenda ukaone kwa macho yako.

Afu kaa na wazee uwaulize njaa. Bibi zetu Wagogo walirithi simulizi za Mtunya, ile njaa ya baada ya vita ya Wajerumani na Waingereza, majeshi yalipochukua chakula na ng'ombe na mvua nayo ikagoma. Ukame peke yake haukuua vile, ni maamuzi ya watu waliokuwa mbali. Hoja ya haki ya tabianchi nzima imo humo.

Hatua ya nne tumia bahati ya kukaa makao makuu. Kamati za Bunge huita wadau watoe maoni kwenye miswada, mtu wa Mtwara anatafuta nauli wewe unapanda bodaboda. Peleka ukurasa mmoja au miwili, sema kifungu gani kibadilike na kisomeke vipi. Kurasa arobaini za manung'uniko hasomi mtu.

Hela sasa. Miaka miwili ya mwanzo ni migumu, sikudanganyi. Kujitolea sawa ila weka kikomo, mimi niliwahi kujitolea sehemu miezi kumi na nne wakiniahidi mkataba mwezi ujao, mpaka leo huo mwezi haujafika. Kinacholipa ni ujuzi unaoshikika: kuandika andiko la mradi, kuchora ramani kwa QGIS, programu ya kompyuta ambayo ni bure, kuchambua data za mvua, kutafsiri ripoti za wataalamu kwa Kiswahili cha watu. Kuna pia biashara ya kaboni, yaani kijiji kulipwa kwa kutunza misitu inayofyonza hewa ukaa, kanuni zake zilitoka 2022, na kule wanahitajika watu wa kusimama upande wa kijiji mkataba unaposomwa, maana unafunga miaka mingi na wanaosaini wengine hawatakuwepo ukiisha. COP, ule mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa, usiikimbilie. Ukienda bila kitu cha kijijini kwako utarudi na beji na mapicha.

Wiki hii fanya kimoja: nenda kwa mtendaji, uliza mkutano mkuu wa kijiji wa robo hii ni lini, kisheria lazima uwepo kila miezi mitatu. Kaa nyuma, usiongee, andika nani kasema nini. Beba kalamu mbili, ya katibu huwa inaisha wino.